Kofia ya Mama Yaenda Opera

Paris, 3 Machi 1908

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Sisi wazima, na mjukuu wako ananyonya na kufoka kama baba yake. Tunambatiza Jumapili ya baada ya Pasaka, na nataka umshike wewe mbele ya padri. Usiniletee visingizio vya bata wako. Njoo, Mama.

Bintiyo,
Ghislaine

Montcenoy, 9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kimepoa, sasa ni zamu ya magoti. Nibusie mtoto.

Kuja siwezi. Umesahau mara ya mwisho? Niliingia sebuleni kwako Alhamisi, siku yako ya wageni, na kofia yangu ya sufu kichwani kwa sababu ya baridi. Yule Sidonie, mke wa baroni, akauliza kwa sauti kama siku hizi wapishi wanapitia mlango wa mbele. Wakacheka wote, mpaka askofu! Nilitoka mbio hata kofia nikaiacha.

Wewe ukipiga chafya, Paris nzima inapiga chafya. Mimi ni mjane wa shamba. Sitaki mtoto abatizwe huku bibi yake anachekwa. Mpe Sidonie amshike.

Mama yako

Paris, 14 Machi

Mama,

Pole na magoti. Lakini Sidonie amshike mwanangu? Thubutu!

Kofia yako ninayo, nimeitunza miaka yote hii. Jana nimeivaa kwenda opera. Naam, opera, juu ya gauni la hariri, na utepe nikaufunga kidevuni kama unavyofunga wewe. Mume wangu alinisihi tupitie mlango wa nyuma. Nikapanda ngazi kubwa, katikati, polepole. Watu wote wakageuka kunitazama! Kichwa sikuinamisha, Mama. Wewe subiri tu.

Bintiyo mkaidi,
Ghislaine

Montcenoy, 13 Aprili

Mwanangu mtundu,

Hamjambo huko? Mimi mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Juzi nilikwenda mjini Tours kununua mishumaa. Nikatazama dirishani kwa muuza kofia: kofia yangu! Tena zimepangwa safu nzima. Naingia, namkuta Sidonie, yuko huku kumtembelea shangazi yake, anajaribu moja mbele ya kioo. Kakunja uso. “Mbona hii haina alama ya pasi sikioni? Ya Ghislaine inayo.”

Alama ile niliiunguza mwenyewe mwaka aliofariki baba yako, akili haikuwepo. Basi muuzaji akaleta pasi ya moto na kuunguza sufu mpya kabisa. Duka zima likanuka! Hapo ndipo Sidonie aliponiona, nami niko kichwa wazi. Akasema kwa huruma, “Masikini, huku shamba bado hamjazipata?”

“Bado, mwanangu,” nikamwambia. “Imekupendeza.”

Nilipotoka nje nikalia. Si kwa aibu. Nililia kwa kujua kwamba ngazi zile ulizipanda kwa ajili yangu.

Nakuja. Nitafika kabla ya Pasaka, na mtoto nitamshika mimi. Ila ile kofia ya sufu usinitolee, sasa kila mtu anayo. Nitavaa ile ya majani makavu ninayovaa nikilisha bata. Bata mmoja kaitafuna ukingo wote wa kushoto.

Mwambie Sidonie aanze kutafuta bata.

Mama yako