Waya au Simu: Treni ya Mezani Inatugombanisha

Mama Losike, ejok. Mimi ni msikilizaji wako wa siku nyingi hapa Kanamkemer, Lodwar, na sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuandikia, maana barua nyingi unazosoma ni za ndoa na ndoa yangu haina shida, shida yangu ni treni, na tafadhali usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Naitwa Ethuro, nafundisha umeme katika chuo cha ufundi. Nilitumwa wakati fulani kufundisha kozi fupi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nikakutana huko na Kuol, Mdinka anayetengeneza simu sokoni, na mzungu mmoja niliyekuwa nikifundisha naye alipoondoka alituachia mimi na Kuol boksi la treni ndogo za mezani, injini mbili, mabehewa na reli, akasema tugawane. Hatukugawana. Tuliijenga pamoja kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwangu, reli ya kutoka Lodwar hadi Kakuma, reli ambayo kila mtu anajua haipo lakini kwetu ipo, ina stesheni mbili, ina daraja juu ya mto Turkwel, ina miti ya mikoma ya waya na ngamia wa udongo wanaongoja treni ipite. Injini nyekundu ni yangu. Nyeusi yenye mstari mweupe ni ya Kuol, aliichagua kwa rangi yake na kuiita Majok, jina wanalompa dume la ng'ombe lenye weusi na weupe, na kila akipata ruhusa ya kutoka kambini anakuja kwangu na jambo la kwanza anauliza Majok yuko aje.

Sasa shida yenyewe. Tunaendesha kwa njia ya zamani, umeme unaingia kwenye reli na kila injini iliyo kwenye reli hiyo inakwenda, huwezi kusimamisha moja na kuendesha nyingine, kwa hiyo lazima tupokezane. Tukaamua kuhamia dijitali, ambapo kila injini inawekewa chipu tumboni na kupewa namba yake, ikawa inasikia amri zake peke yake. Hapo ndipo tulipokwama, kwa sababu kuna mfumo wa kuendesha kwa kidude cha mkononi kilichounganishwa kwa waya na boksi lililo mezani, na kuna mfumo wa kuendesha kwa simu kupitia waifai, na mimi nataka wa waya na Kuol anataka wa simu, na hakuna anayelegeza.

Nimempa sababu zote. Nimemwambia stima inavyopotea huku, nimemwambia simu inaweza kuisha chaji treni ikiwa darajani, nimemwambia kidude cha waya unakishika na unajua umekishika. Anakubali kila sababu, Mama, anakubali kabisa, halafu anasema bado anataka ya simu. Hilo ndilo linalonichanganya, kwa sababu Kuol si mtu wa kukimbilia vitu vipya, anatengeneza simu za watu wote sokoni na yeye mwenyewe anatembea na simu ya vibonyezo. Nilipombana mara ya mwisho alisimama mlangoni akaniambia, "Ethuro, hii ya waya inataka mtu akae hapa hapa." Nikamwambia ndiyo, si ndiyo maana ya kuendesha treni? Akachukua kofia yake akaenda stendi, hata chai ya mke wangu hakuigusa.

Tangu hapo ananipigia simu na maswali yasiyo na kichwa wala miguu, mara kama nitaweka intaneti ya kudumu nyumbani, mara kama simu yangu ya zamani yenye kamera bado inawaka, mara umeme ukirudi boksi linajiwasha lenyewe au hadi mtu abonyeze. Amekuwa hivi tangu apate safari ya kwenda Kanada kwa mjomba wake, anaondoka mwezi ujao, lakini hiyo si sehemu ya swali langu, samahani kwa kuichomeka, nimeitaja tu ili upate picha kamili.

Mimi nimeona bora nimrudishie injini yake kila mtu abaki na chake. Nimeifunga kwenye boksi na gazeti nimpe dereva wa gari la Kakuma. Lakini mke wangu Akeno ameitoa na kuirudisha mezani, nikaifunga tena, akaitoa tena, na nikimuuliza ananiambia, "Baba Nasike, endelea tu kufunga." Sasa sijui hata nimekasirikia nini. Nasoma habari za mifumo hii mpaka macho yanauma na nikifunga kompyuta sikumbuki nilichosoma. Mtu wa Nairobi anayetuagizia vifaa anataka jibu. Je, nichukue waya au simu? Na injini ya Kuol niitume au nisiitume?

Ethuro, Kanamkemer

Ejok nooi, Ethuro. Nimecheka, nisamehe, nimecheka pale kwa ngamia wa udongo. Nilipofika pale ulipoitaja Kanada nikaacha.

Nianze na treni kwa sababu ndiyo sehemu rahisi. Nilimuuliza fundi wetu wa mitambo hapa studio, akanijibu huku akila mandazi. Anasema yako maboksi yanayokubali vyote viwili, wewe unachomeka kidude chako cha waya, mwenzako anaingia kwa simu, na kila mmoja anaendesha injini yake kwenye reli ile ile. Wewe mwalimu wa umeme, uliyesoma mpaka macho yakauma, utaniambia hukuliona hilo? Uliliona. Ulilikwepa kama mtu aliyemwona mama mkwe njiani akageuza baiskeli.

Nataka kujua kwa nini ulilikwepa, basi nikarudi kusoma barua yako. Daraja umelielezea. Mikoma umeielezea. Rafiki yako anaondoka mwezi ujao kwenda upande mwingine wa dunia, na hilo umeliweka katikati ya sentensi kisha ukaniomba msamaha kwa kulitaja. Anakuuliza kama utakuwa na intaneti ya kudumu. Anakuuliza habari za kamera. Anakuuliza boksi litajiwasha vipi kama hakuna mtu karibu. Anakwambia kwa mdomo wake kwamba ya waya inataka mtu akae hapo. Nawe unasema maswali hayana kichwa wala miguu. Ethuro, mtu huyu anatafuta namna ya kumwendesha Majok akiwa Kanada. Fundi wangu anasema inawezekana, ingawa injini itachelewa kidogo kuitikia, na mtandao ukikatika itasimama njiani mpaka urudi.

Utaniuliza kwa nini hakusema wazi. Fikiria maisha ya kambini. Mtu akipata safari, majirani wanaimba, kanisani wanamwombea, kila anayempita anampa mkono wa hongera, na kuna wengine wengi wanaoomba usiku na mchana wapate alichopata yeye. Ataanzia wapi kusema ana huzuni kwa sababu ya meza moja huko Kanamkemer? Angesema kwako, lakini wewe ulikuwa unampa hotuba juu ya chaji.

Nawe pia una lako, na sikulaumu kwalo. Umeng'ang'ania mfumo unaomtaka mtu awe ndani ya chumba chako kwa sababu ni Kuol unayemtaka ndani ya chumba hicho. Unamkosa na bado hajaondoka. Mtu mzima anaruhusiwa kuwa na hali hiyo, tena si aibu hata kidogo.

Ila kwa hilo boksi umenikera. Wewe ni mtoto wa wafugaji au ulikulia ofisini? Kwetu rafiki akihama, mnyama wake hubaki kwenye zizi lako. Akizaa unampelekea mwenyewe habari, akiugua unampelekea habari, kiangazi kikimchukua unampelekea habari na mnahuzunika wote, na kwa sababu ya mnyama huyo mna la kuzungumza mpaka meno yaishe. Anayemrudishia rafiki mnyama wake hahitaji kuongeza neno, amekwisha kumwambia kwamba wamemalizana. Wadinka ni watu wa ng'ombe kama sisi. Kuol angefungua lile gazeti mwezi mmoja kabla ya kupanda ndege, akamwona Majok amelala ndani, na angeelewa vizuri kabisa. Mkeo aliliona mapema. Mshukuru leo, na umshukuru kwa maneno.

Sasa sikiliza. Injini haiendi popote. Mpigie mtu wa Nairobi umwambie alete boksi linalokubali waya na simu. Intaneti weka nyumbani, na usiniandikie tena habari za stima. Chipu zikifika Kuol akiwa bado yupo, amfungue Majok kwa mkono wake mwenyewe na ampe namba anayoitaka yeye. Zikichelewa, utamfungua wewe huku yeye akikutazama kwenye simu na kukuambia unakosea wapi.

Lakini usingoje vifaa. Siku zote ni yeye aliyehangaika na ruhusa ya kutoka ili aje kwako. Panda gari uende Kakuma, mikono mitupu, ukae kwenye benchi la duka lake mbele ya wateja wake. Mwambie kwamba hutaki aende. Kisha mwambie aende. Yaseme yote mawili, na usiyabadilishe mpangilio. Atajifanya ameinamia simu ya mtu na kwamba skrubu imempotea. Mwache aitafute, na usiondoke hapo mpaka ainue macho.

Mama Losike