Frigo ya Chanjo Haiko Kwenye Mbio

Ndosho, Goma, tarehe 9 mwezi wa saba 2025

Yaya Baharanyi,

Jambo sana, mukubwa wangu. Huku tuko wazima, mama pia, goti tu ndiyo inamusumbua. Na weye? Unakula chakula huko Montréal, ama ni kahawa tu?

Nakuandikia na hasira, nisikufiche. Juzi nilifika ku dispensaire ya matibabu, nikamukuta infirmière anayechoma sindano, Mama Mukamugema, anamwaga chupa za chanjo ndani ya ndoo. Surua, polio, zote. Courant ya umeme ilikatika Ijumaa, ikarudi siku ya Mungu. Frigo ilibaki ku batterie, halafu batterie nayo ikakufa, nusu saa tu kabla courant haijarudi. Hayo tumeyazoea. Zamani, Tunza, programme tuliyoandika weye na miye, ilikuwa inatuonyesha joto ya frigo mpaka dakika ya mwisho ya batterie. Safari hii, masaa kumi na tisa ya mwisho hakuna kitu. Labda chanjo zilikuwa bado nzuri. Lakini sheria yao ni hiyo: haujui joto, unatupa. Mama mumoja, Nishimwe, alitembea tangu asubuhi na mapacha wake, mumoja mugongoni, mwingine kifuani. Alirudi vile vile.

Nikafungua code ya Tunza. Yaya, ulifuta mustari ule unaongojea disque, pahali data inalala, iseme imeshaandika. Version mupya, ile niliyoweka kwa kukuamini, inashika joto kichwani, inajibu "tayari," courant ikienda inasahau. Na ku maelezo uliandika tu: "Haraka mara kumi na moja." Frigo inasema joto yake kila dakika tano. Unaikimbiza wapi?

Rudisha ule mustari. Chanjo zingine zinafika mwisho wa mwezi huu.

Mudogo wako,
Christa


Montréal, tarehe 11 mwezi wa saba 2025

Mudogo wangu Christa,

Salamu nyingi, na pole kwa goti ya mama. Niko muzima, nakula, usihangaike.

Habari ya chanjo imeniuma kweli. Lakini unielewe. Kuna tableau moja ku internet ambamo watu wanapima projets kama yetu, za bure, zilizoandikwa na luga ya Rust, waone gani ina mbio kuliko zingine. Tulikuwa ya tisa. Leo ni ya kwanza. Kampuni moja kubwa imeniita kunipa kazi sababu ya hiyo, tunaonana mwezi wa nane. Nikirudisha mustari sasa, tunaanguka. Watumiaji wetu wengi wako na serveurs, mashine kubwa ambazo hazizimike, siyo vitu vya Ndosho. Anayetaka kungojea disque awashe mwenyewe, ni réglage moja tu, kuchagua ndiyo ama hapana. Niache nisaini mukataba kwanza, kisha tutatengeneza.

Yaya wako,
Baharanyi


Ndosho, Goma, tarehe 15 mwezi wa saba 2025

Yaya,

Jambo. Mama muzima. Barua yako niliisoma mara mbili. Ya pili nilisimama katikati, nikatoka inje kutema mate.

Vitu vya Ndosho. Weye ulizaliwa nyuma ya parokia hapa, na Tunza tuliianzia hapa sababu courant ikikatika ilikuwa inapoteza kazi yetu. Réglage uliificha pahali hata miye niliitafuta. Infirmière ataiona namna gani?

Nimefanya hesabu. Kungojea disque ni milisekunde tano. Frigo inaandika mara kumi na mbili kwa saa. Kwa mwaka muzima, hata dakika tisa hazifike. Ulituokolea dakika hizo, ukatupa ndoo ya chanjo. Tulichagua Rust sababu inakataa uzembe: ukikosea na mémoire ya mashine, inakusimamisha hata mbele programme haijaanza. Weye ukaenda kukosea pahali yenyewe haiangalii, halafu ukapiga kifua.

Nakungojea mpaka chanjo zifike.

Christa, mudogo wako


Ndosho, Goma, tarehe 31 mwezi wa saba 2025

Yaya Baharanyi,

Jambo. Haukujibu, natumaini ni kazi, siyo ugonjwa.

Chanjo zilifika jana. Funguo za projet tunazo wawili, basi nimerudisha mustari, nikatoa version mupya, na ku maelezo nikaandika wazi: ile ya zamani inapoteza data courant ikikatika, musiitumie. Ku tableau tumerudi ya tisa. Imeniuma kidogo. Siyo sana.

Mama Mukamugema alikataa kuwasha frigo na version ile. "Ndoo yangu bado inanuka dawa," akasema. Nikachomoa courant na batterie mbele yake, nikavirudisha. Joto ya mwisho ilikuwa pale. Akaniambia, "Sogea." Akachomoa mwenyewe, tena na tena, na uso wa mutu anayechagua samaki sokoni. Kisha akapanga chanjo ndani ya frigo, bila kunishukuru. Leo Nishimwe amerudi na mapacha. Wamechomwa sindano, wamelia, wamelala.

Watu wa kampuni yako wameniandikia. Wanataka kujua nani alifuta ule mustari, na kwa nini maelezo hayakusema. Kila badiliko inabaki na jina na tarehe, unajua. Niliwajibu wafungue historia ya projet, iko wazi kwa mutu yeyote.

Mama anauliza kama ulishapata kazi. Nimemwambia akupigie weye mwenyewe.

Bado mudogo wako,
Christa