Kwa Baba, Aliyesoma Kila Kitu Mara Tatu

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu utuache, na koti lako jeupe la kazi bado limetundikwa nyuma ya mlango. Mama hataki liguswe.

Miaka thelathini na moja ulikaa kwenye dirisha la dawa. Wagonjwa walipanga foleni kwako hata dirisha la pili likiwa tupu, ingawa ulikuwa wa polepole kama nini. Ulishika chupa, ukayasoma maandishi mara tatu kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno, ndipo ukaitoa. Wenzako wakakubandika jina la Mara Tatu. Uliwacheka tu, ukaendelea kusoma.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Pakiti ya chumvi, kadi ya harusi, bili ya umeme, vyote vilipita chini ya kidole chako. Mama alikuwa akikutania, "Mume wangu, ni chumvi tangu jana," nawe unacheka mpaka miwani inateleza. Ulikuwa mpole, jamani. Hukuwahi kumpandishia mgonjwa sauti, na mzee asiyeona vizuri ulimfuata upande wake wa dirisha ukamwonyesha vidonge vyake kimoja kimoja.

Lakini sisi wanao ulitufundisha kusoma kwa zile chupa tupu, na tuliogopa. Tukiruka neno, uso wako unabadilika. Siku moja nilisoma vijiko viwili mahali palipoandikwa kimoja. Hukunichapa wala hukunigombeza. Uliketi sakafuni, ukaniambia jambo ambalo hukulirudia tena maishani. Ulikuwa na miaka tisa, msomaji pekee katika nyumba yenu. Mdogo wako alikuwa na homa, chupa zilikuwa mbili, na wenzako walikuwa wanakungoja nje na mpira. Ulisoma mbio mbio. Aliyonyweshwa ilikuwa dawa ya kupaka, na hakuamka.

Tangu siku hiyo sijasoma kitu kwa raha. Nimekuwa karani, siku nzima naandika barua za ofisi, na kila barua naikodolea macho mpaka bosi anauliza kama nimelala. Kaka yangu yeye aliacha kabisa, karatasi zote humpa mkewe amsomee. Hata tangazo hili la kumbukumbu la gazetini nimeliandika na kulichana mara nne.

Mwezi uliopita mwalimu wa binti yangu, mjukuu wako yule aliyezoea kukaa magotini pako, aliniita shuleni. Alisema mtoto anazijua herufi zote, ila akisimama kusoma mbele ya wenzake anafika mwisho wa mstari wa kwanza, anafunga kitabu. Njiani nilimuuliza ana nini. Aliniambia tulipofika mlangoni. Kumbe siku za msiba wako alimsikia dada yako akiwasimulia wageni habari ya ile chupa.

"Mama," akasema, "nikikosea, atakufa nani?"

Niliingia jikoni nikalia. Hofu iliyowalinda wagonjwa wako imemfikia mtoto wa miaka saba, na mimi ndiye niliyeipitisha, maana kila siku ananiona nikisoma kwa woga. Naogopa atakua akikimbia kila ukurasa. Halafu naogopa pia siku atakayosoma bila woga. Najua hofu hii imetoka kwenye upendo wako, na sikulaumu hata kidogo, ila kwake sitaki ikae.

Mchana huu tutakusanyika sebuleni. Mistari ya mwisho hapa chini ni yake, ataisoma kwa sauti, mara moja tu. Tumekubaliana wote kwamba akikosea, hakuna atakayemsahihisha. Nawe, Baba, tunakuomba umwache aendelee.

Wanaokukumbuka ni mkeo, dada yako, mwanao mkubwa na mkewe, bintiyo, na mjukuu wako anayesoma hapa.

Sote tu wazima, Babu. Hatutakusahau kamwe.