Kahawa ya Chumvi Nyumbani kwa Kina Elif

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu na sasa unashuka ngazi bila ya kushikwa. Mimi mwili mzima, ila moyo una uchungu, na sitaki uyasikie haya kwa watu wetu wa huku Woolwich kabla hujayasikia kwangu.

Harusi haipo, Mama. Usimwambie mtu tena kwamba unaozesha.

Jumapili mimi na Ami Suleiman tulikwenda kwa kina Elif kuposa, kama Waturuki wafanyavyo. Tulichukua maua, chokoleti, na pete mbili zilizofungwa kwa utepe mmoja mwekundu. Baba wa binti akikubali, utepe hukatwa palepale, uchumba umeshafungika. Elif akaleta kahawa. Kwao, kikombe cha mposaji hutiwa chumvi, aonekane kama ana subira. Changu kilikuwa chumvi tupu. Nilikinywa chote bila ya kukunja uso. Mama yake akacheka, nikadhani mambo yamekuwa mema.

Ami akasema kwa adabu kwamba, kwa amri ya Mungu na sunna ya Mtume, tunamuomba binti yao. Mzee akalitazama zulia, kisha akasema, "Binti yetu bado mdogo."

Elif ana miaka thelathini na moja. Ni mkunga, keshazalisha nusu ya Lewisham. Aliniahidi kwamba baba yake akisita, yeye atasema. Alikusanya vikombe, akaingia jikoni, asitoke.

Maua tulirudishiwa mlangoni. Kwenye basi Ami aliyapakata, akaniambia, "Wangekukataa kwa dini, ningewajibu. Lakini dini yetu moja." Rangi hakuitaja mtu. Elif hunipigia simu, sipokei.

Linaloniuma zaidi, Mama, ni kwamba maneno yale si mageni kwangu. Marehemu Baba aliwaambia hayohayo wazee wa Rashidi, Waislamu kama sisi, walipotoka bara, kule Songea, kuja kumposa dada Zuhura. Walikunywa chai yetu, wakaondoka na adabu zao. Zuhura alikuwa mwalimu, mtu mzima. Wewe ulikuwapo, ukanyamaza. Sasa Baba hayupo, Rashidi bado hajaoa, na unajua Zuhura huzungumza na nani kwenye simu.

Nisalimie shangazi, na jirani yetu Bi Mize aliyekwisha kunishonea kanzu. Mwambie ampe mwengine.

Zuhura usimpe salamu zangu. Mpe ruhusa.

Ni mimi mwanao wa mbali,
Khamis