Ndiyo Nilizozikusanya Gashonga

Kwako Maman,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo la aibu palepale ulipokuwa ukiuza ndizi, kando ya barabara ya Gashonga. Ningekuwa na mwingine wa kumwambia, ningemwambia. Sina.

Unakumbuka siku nilipopata kazi Kigali? Ulikuwa unamenya muhogo. Nikakueleza kwamba taasisi yetu inafanya utafiti na kuandika ripoti, wakubwa wanaisoma kabla hawajaamua mambo ya wananchi. Ulisikiliza hadi mwisho, kisu mkononi. "Basi banakulipa juu ya kuwaza? Na siye tunawazaka bure!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilinuna, Maman, nilinuna kweli, kwa kuwa nilishaanza kujiona mtu.

Na ule mchana mjomba alipofika kutoka Bukavu na rafiki zake, bila taarifa? Walikula maharage yote. Mmoja akauliza kama sisi tumekula, ukajibu haraka, "Tumeisha kula, haina shida." Tulikuwa hatujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nilipofungua mdomo niseme ukweli ulinifinya paja, alama ikakaa siku mbili. Walipoondoka ukaniambia, "Hatumwambiake mugeni 'hapana'." Nilikuwa na miaka saba na nilielewa vizuri sana.

Sasa sikia nilichofanya. Kulikuwa na mpango wa kuwatoa wamama barabarani na kuwapeleka kwenye soko jipya juu ya kilima, lenye paa, saruji na choo. Taasisi ikatakiwa kuchunguza kama wamama wenyewe wanakubali. Nikatumwa mimi, eti kwa kuwa ni wa huku. Nikaja na gari la ofisi na mwenzangu mmoja wa Kigali, kadi yangu shingoni, maswali yote kwenye simu kubwa.

Maman Furaha, jirani yako wa meza miaka yote ile, alinipa kiti. Kabla sijakaa akakifuta kwa kitenge chake. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mimi niliyelala chini ya meza yenu nikiwa mchanga, leo nafutiwa kiti!

Nikamsomea swali: anakubali kuhamia? Akaangalia kilima, akaangalia gari, akaangalia kadi. "Eee, ni muzuri. Kama munaona ni muzuri." Nikabonyeza "anakubali". Aliyefuata alicheka akiziba mdomo, akasema haina shida. Nikabonyeza. Wote hivyohivyo, mpaka meza ya mwisho. Mwenzangu wa Kigali alifurahi kwamba kazi imeenda haraka. Yeye hakujua, wallahi simlaumu. Mimi nilijua. Nilijua na nikaendelea kubonyeza, kwa sababu ripoti yenye jibu lililonyooka ndiyo inayosomwa, na nilitaka ya kwangu isomwe.

Ilisomwa. Nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikasema, "Wamama wenyewe wamekubali." Wakanipigia makofi, na nikayapokea.

Soko likahamishwa. Paa lake ni zuri, sisemi uongo. Lakini wateja wenu walikuwa watu wa pikipiki wanaopita asubuhi kwenda mjini Kamembe. Nani atageuza pikipiki apande kilima chote kile kwa ajili ya ndizi nne? Ndizi zinaiva mezani hadi zinaoza. Maman Furaha sasa anazungusha beseni kichwani nyumba kwa nyumba, na goti lake lile unalolijua.

Wiki iliyopita nikaenda kwake, bila gari wala kadi, nikamwambia yote. Maman, alinigombeza! "Weye mutoto! Bengine habajue, lakini weye ulijua! Ulishindwa nini kuikala chini na siye, umenye muhogo, utuulize pole pole? Tungekuambia hapana mara mia!" Watu wakasimama njiani kutazama. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikaa hadi alipochoka, maana angalau alinisema kama mtoto wake.

Nikamwandikia bosi kwamba majibu yale si ya kweli, turudi tuulize upya. Akasema niache: taasisi ikikiri imekosea, nani atatusikiliza kesho? Jana nimewapelekea barua yangu wale walioisoma ripoti, bila ruhusa yake. Huenda kazi imekwisha. Usinipongeze, Maman, maana wamama bado wako juu kule na ndizi zao.

Kinachonichoma ni kingine. Ungekuwa hai, siku ile ungekuwa umekaa pembeni ya Maman Furaha. Ningefika kwako pia, ningekusomea swali kwa sauti ya ofisini. Ungeitazama kadi yangu, ungefurahi jinsi mtoto wako alivyopendeza, na ungesema ndiyo ili nisiaibike mbele ya mwenzangu.

Nami ningebonyeza, Maman. Ningekushukuru kwa muda wako, nikahamia meza inayofuata.

Pumzika. Msamaha sijauomba, bado sijaufikia.

Kitinda mimba wako