Mpoze Polepole

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba chakula cha bweni hakijakukondesha. Sisi huku hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana. Goti lake limeacha kulalamika tangu alipoamua kudeki ni kazi yangu. Mimi ni yule yule, kitambi mbele, vumbi la chaki nyuma. Imebaki miezi minne umalize mafunzo ya uuguzi, na nyumba nzima inakuhesabia siku.

Nakuandikia kwa sababu ya simu yetu ya Jumapili ile, na kwa sababu ya mchumba wako fundi. Mengine mdomo wangu hauyawezi simuni.

Unajua sijawahi kumpenda. Mtu anatengeneza mafriji, anatembea na kipimajoto mfukoni mwa shati kama daktari bingwa, halafu anataka kumwoa dada yangu. Kila Jumamosi huja kubadilisha maji ya samaki wako. Huvua viatu mlangoni, nikaonyeshwa soksi mbili zisizojuana, kisha mhadhara unaanza. Kwamba shemeji, hawa asili yao ni mito ya Amerika Kusini, hawawekwi popote tu. Kwamba diskasi wako wawili, wale bapa kama sahani, ni wapole na waoga, wanataka maji ya nyuzi ishirini na tisa. Yakishuka wanajibanza nyuma ya gogo na kususa chakula. Kwamba oska ni mbabe, humla samaki yeyote aliye mdogo kuliko yeye, kwa hiyo akae tangi lake peke yake, na yeye nyuzi ishirini na tano zinamtosha. Huyasema kila wiki kwa mpangilio huohuo, kana kwamba samaki ni mimi. Nami huitikia “ehe, ehe” huku nasahihisha insha.

Na huyo oska, Bwana Mkubwa wako, ndiye pekee humu ndani anayejua kudharau kunishinda. Nikipita ananitazama kama mkaguzi wa shule. Mwezi uliopita alipanga mawe yote upya, akaing'oa hita ya kupashia maji kwenye kioo, na nilipoingiza mkono kuirudisha akaniuma kidole. Nilifundisha wiki nzima na plasta. Nikampigia fundi kwa hasira. Akacheka, kicheko chake kile cha puani, akasema nimpoze tu. “Mpoze polepole, shemeji.”

Siku chache baadaye Bwana Mkubwa alikuwa amelala ubavu chini ya tangi, mwili una madoa meupe kama aliyenyunyiziwa chumvi. Fundi alifika mbio, na hata hajamaliza kukunja mikono ya shati ukapiga simu ya picha. Ukaona kipimajoto kinasoma kumi na tisa. Ukauliza nani kafanya hivi. Nikakujibu kwamba maji ni idara ya fundi, na mtu aliyezoea kugandisha nyama usimtegemee kwa joto. Ukamwambia papo hapo kwamba asiyeweza kutunza kiumbe ulichokilea tangu kikiwa saizi ya kidole gumba hataweza kukutunza wewe, na asikutafute tena.

Mdogo wangu, maji niliyapoza mimi.

Fundi alimaanisha nimtulize: nifunike upande mmoja wa tangi kwa kitambaa, nimwache na mawe yake. Mimi, mwalimu wa lugha kwa miaka ishirini na sita, niliyewahi kumkata mtoto wa watu alama kwa neno hilohilo, nikazungusha kitufe cha hita. Na “polepole” nililizingatia: nyuzi mbili kila siku, kwa siku tatu. Bwana Mkubwa akatulia kweli. Nikawaita majirani waje waone nilivyomfunza adabu.

Fundi alikuwa pembeni yangu nilipokudanganya, mkono mmoja wa shati bado haujakunjwa. Aliukunja, akaingiza mikono majini. Na ingawa umemkataa, Jumamosi mbili hizi amekuja, anapitia mlango wa jikoni. Ni yeye aliyepandisha joto kidogo kidogo mpaka madoa yakaisha. Hatoi mhadhara tena, na nimegundua insha haziendi bila mhadhara.

Jumamosi hii nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akakifuta kipimajoto kwa shati, akasema aliniona nimepoa. Aliogopa akiniongezea baridi, na mimi nitalala ubavu.

Miaka miwili nimemdharau mtu kwa ajili ya soksi. Mpigie, tafadhali. Kama lazima umnunie mtu, mimi nipo, na nina nafasi ya kutosha kitambini kuweka maneno yako yote. Yeye hana kosa.

Wifi yako amesoma barua hii, akasema nimechelewa. Diskasi wanakula. Bwana Mkubwa ameshaning'ata kidole cha pili, nami nimemshukuru. Soma vizuri, vaa sweta.

Ni mimi kaka yako,
Fundi wa Baridi