Karatasi Niliyomsomea Mama Mdogo

Bunia, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, Baba na wadogo zangu huko Mahagi. Mguu wa Baba umepona? Mihogo mmeshaitoa shambani? Sisi hapa tuko hai. Mtoto wa mama mdogo ananyonya vizuri, na paji lake la uso ni lako kabisa.

Mama, najua barabara ilifungwa, ndiyo maana hukufika kumzika mdogo wako. Kwenye simu baba mdogo alikuambia tu kwamba damu ilikuwa nyingi. Nilikuwa nimesimama karibu naye, na sikuiomba simu. Leo nakuandikia yaliyobaki.

Unaujua mfuko wa vifaa vya kujifungulia wa mama mdogo Riziki. Kila mwezi aliongeza kitu, glavu, pamba, wembe, serumu ya kutundikiwa mshipani, kama wanawake wote wa hapa wanavyofanya kabla ya kujifungua. Sindano ya kuzuia damu aliinunua kwa Papa Bahati, mwenye farmasi, naye akamwekea ndani ya friji yake. Halafu karatasi ya Kifaransa ikabandikwa ukutani kwenye kituo cha afya.

Mama mdogo akaniita. "Weye uliyesoma, inasema nini?"

Nikasoma kwa sauti, wanawake wote wakisikia: serikali italipa, dawa zote za kujifungua zitakuwa bure. Nilijivuna, Mama. Nikamwambia ile sindano ampe jirani yetu Mama Safi, ambaye alikuwa karibu kujifungua na hakuwa na kitu.

Akacheka. "Basi siye tumekuwa watajiri! Kamwambie Papa Bahati ampe."

Nilikwenda mimi mwenyewe.

Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, uchungu ukamshika mama mdogo. Mtoto alitoka salama, akalia. Kisha damu ikakataa kusimama. Muuguzi alifungua kabati, akaangalia, akalifunga. Nikamwonyesha karatasi ukutani.

"Mutoto wangu, karatasi iko ya kweli," akasema. "Dawa ndiyo haijafika. Wanasema Kinshasa bado haijalipa, na siye tunangojea. Kimbia farmasi!"

Farmasi ilikuwa imefungwa, mwenyewe yuko kanisani. Niliingia katikati ya mahubiri, damu kwenye sketi yangu, nikapita hadi mstari wa mbele nikamvuta Papa Bahati mkono. Tulikimbia wote wawili, yeye na viatu vyake vya Jumapili. Tulipofika na sindano, muuguzi alikuwa ameketi kando ya kitanda, amemshika mama mdogo mkono, na hakuinuka kutupokea.

Mama Safi alijifungua salama kwa ile sindano ya mama mdogo. Sasa anamnyonyesha mtoto wetu pamoja na wa kwake. Kila anapofika huwa hanitazami, nami simtazami, lakini jana alinipa watoto wote wawili niwabebe.

Nilimwomba muuguzi ubao. Alisita, akasema wakubwa hawatapenda, kisha akanipa chaki. Kila asubuhi kabla ya masomo naandika kwa Kiswahili, chini ya ile karatasi, dawa zilizomo kabatini na zisizokuwemo. Sindano ya kuzuia damu naiandika ya kwanza. Mpaka leo nimeandika "hakuna". Wanawake wanasoma, wanarudi kutengeneza mifuko yao. Najua hilo silo tuliloahidiwa. Bado naamini ipo asubuhi nitakayofuta neno hilo.

Mama, ukisema nirudi nyumbani, nitarudi. Ukisema nibaki nisome, nitabaki. Ila usininyamazie.

Msalimie Baba, na wadogo zangu wasiache shule. Msalimie sana Bibi, mama yenu. Akikuomba umsomee barua hii, msomee yote, usiruke mahali nilipokosea.

Mwanao anayekupenda,
Neema